Kapteni Alex Afika Kilimarondo

Ijumaa moja ya semista ya pili, umeme ulikuwepo, maji hayakuwepo, na chumba chetu cha hosteli kilikuwa na watu tisa juu ya vitanda vinne. Ubishi ulikuwa wa muvi. Sheria aliiweka mwenzangu wa chumba: kila mtu ataje mwongozaji mmoja, yule ambaye ukioneshwa kipande kidogo tu cha filamu yake, bila jina, unamjua papo hapo. Halafu azipange filamu zake kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho na azitetee mbele ya mahakama. Mahakama ni sisi, na sisi hatuna huruma.

Yeye akaanza na Wes Anderson, Mmarekani. Kama hujawahi kumwangalia, ni yule ambaye kila kitu kwake kimekaa katikati ya picha kama kimepimwa kwa rula, kuta zina rangi ya keki, na watu wanaongelea kifo na talaka kwa sura ileile ya mtu anayesubiri daladala. Namba moja akaipa The Grand Budapest Hotel ya 2014. Jamaa mmoja wa sheria akakataa katakata. Kwake hakuna kama The Royal Tenenbaums ya 2001, kwa sababu pale mtindo ulikuwa bado haujawameza watu. Wakavutana nusu saa nzima, na kusema kweli niliupenda ule ubishi. Walikuwa wanabishania kazi ya mtu kwa heshima, kama wazee wanavyobishania mpaka wa shamba.

Ikafika zamu yangu. Nikasema, "Nabwana I.G.G."

"Nani?"

"Wa Wakaliga. Kampala."

Sikueleza zaidi. Nikafungua laptopu na kuwawekea Who Killed Captain Alex?, yaani Nani Alimuua Kapteni Alex, ya 2010. Ndani ya dakika kumi watu walikuwa wamelala sakafuni kwa kicheko. Damu imechorwa kwa kompyuta, moto wa risasi umebandikwa mdomoni mwa bunduki, helikopta inaishambulia Kampala na majengo yanaporomoka kama maboksi ya sabuni. Watu wa vyumba vya jirani wakaja kuuliza kuna nini. Mpaka filamu inaisha tulikuwa zaidi ya ishirini, wengine wamesimama mlangoni.

Nikatoa orodha yangu. Katika filamu zake nilikuwa nimeziona kamili tatu. Ya kwanza Kapteni Alex, ya pili Bad Black, ya tatu Crazy World. Utetezi wangu ulikuwa sentensi moja: nimezipanga kwa jinsi zinavyochekesha kwa ubovu. Mahakama ikapitisha bila kupinga. Halafu, kwa kuwa nilishaonja sifa, nikaongeza kipande cha kwangu. Nikasimama juu ya kiti na kumwigiza kaka yangu wa Kilimarondo anavyotafsiri muvi kwenye kibanda umiza: lafudhi yake, anavyokohoa katikati ya sentensi, anavyowaita Wachina wote "mzee wa Shaolini". Watu walicheka kuliko walivyoicheka filamu. Nikalala nikiwa mtu maarufu wa korido.

Nimeanza na hilo kusudi, ili usije ukafikiri huko mbele kwamba mjinga wa habari hii ni mtu mwingine.

Sasa huyu Nabwana ni nani? Isaac Nabwana alizaliwa mwaka 1973 na amekulia Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala. Kabla ya filamu alikuwa anafyatua matofali. Utotoni hakuwa mtu wa kwenda sinema. Ndugu zake wakubwa ndio walioenda, wakirudi wanamsimulia na kuigiza, yeye anaziona kichwani. Mwaka 2005 alianzisha kampuni yake, Ramon Film Productions, jina alilolipata kwa kuunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Kompyuta aliziunga mwenyewe kwa vifaa vilivyotumika. Bunduki zinatengenezwa na fundi wao kwa vyuma chakavu. Damu ya mwanzo ilikuwa ya ng'ombe kweli, hadi mwigizaji mmoja alipougua, wakahamia kwenye rangi nyekundu ya chakula inayotiwa ndani ya kondomu na kupasuliwa kifuani. Wakimaliza filamu, waigizaji wenyewe ndio wanaoizungusha nyumba kwa nyumba, wengine wamevaa mavazi yao ya filamu, na kila aliyeuza anabaki na nusu ya bei. Inabidi iuzike upesi, kabla wezi wa kunakili hawajaamka.

Kapteni Alex yenyewe inasemekana iligharimu dola zisizofika 200. Nakala yake ya asili haipo tena: kompyuta ilijaa, Nabwana akaifuta ili apate nafasi ya kutengenezea filamu iliyofuata. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Uganda wanamwita mtu huyo VJ, mchekeshaji wa video. Ni yule anayekaa na maikrofoni bandani na kuisimulia filamu huku inaendelea, anaitania, anawachokoza waigizaji, anawatahadharisha watazamaji. Kenya wanaye DJ Afro. Sisi tulikuwa na Lufufu, ambaye kanda zake zilizunguka mabanda ya nchi hii watu wa umri wangu tukiwa hatujazaliwa au tuko mgongoni. Kwa hiyo Kapteni Alex dunia nzima inayoijua kupitia YouTube tangu 2015 ni filamu yenye watunzi wawili: aliyeipiga na aliyeiongelea. Haya yote niliyajua ile Ijumaa, lakini kichwani mwangu yalikaa kama vichekesho vya nyongeza.

Likizo ndefu ikaja, nikaenda nyumbani na zile filamu tatu kwenye flashi.

Kwa asiyekujua, Kilimarondo ni kata ya Nachingwea, mkoa wa Lindi. Nachingwea mjini utafika na basi. Baada ya hapo unaingia kwenye vumbi, na ukifika, hata anayekupenda inabidi akuangalie mara mbili kwanza. Ni nchi ya korosho, ufuta na mbaazi. Mjomba ana duka pale, na nyuma ya duka ana banda la video: nguzo za miti, bati juu, mabenchi, flati moja na sabufa moja ambayo ikikohoa kuku wanahama. Kiingilio shilingi 300 kwa muvi, 500 kwa mpira wa Ulaya.

Mtafsiri wa banda ni mtoto wa mama mkubwa, kaka yangu, anayenizidi kama miaka kumi na mbili. Kijiji kizima kinamwita Dijei. Aliishia kidato cha pili. Kutafsiri alijifunza kwa kusikiliza kanda za Lufufu mpaka zikakatika, na mpaka leo muvi ikiletwa haina tafsiri, anaitafsiri mubashara, na maikrofoni aliyoifunga kwa utepe mweusi wa umeme.

Nilipomwambia nina muvi za Uganda, aliichukua flashi, akaniambia, "Usiwaambie watu bado." Mchana ule alijifungia bandani na daftari. Mimi nilijiandaa kumsaidia Kiingereza. Akaniita mara moja tu, kuuliza maneno matatu. Alipotoka jasho linamtiririka, akasema, "Mdogo wangu, hawa siyo wageni. Wanasema 'omwana', wanasema 'abantu'. Nusu ya kazi wameshanifanyia." Mimi nilikuwa nimeiangalia ile filamu mara tano nikisoma maandishi ya Kiingereza chini, na sikuwahi kuvisikiliza vinywa vya watu.

Usiku ule banda lilijaa. Niliketi nyuma, karibu na mlango, nikisubiri kicheko kile cha hosteli kirudi.

Kicheko kilikuja, lakini hakikuja nilikokisubiri. Risasi zilipoanza kumwagika na damu ya kompyuta kuruka, hakuna aliyecheka, watoto waliinama. Walicheka mahali ambapo Dijei alitaka wacheke. Komando mmoja anakimbia, Dijei akasema huyu anakimbia kama mtu aliyesikia malipo ya pili ya korosho yameingia chama cha msingi. Banda likapasuka. VJ Emmie anaposema Uganda kila mtu anajua kung fu, Dijei akaongeza, "Hata mpika chapati usimkope." Bruce U, ndugu yake Kapteni aliyejifunza Shaolini, alipotokea, wakampigia makofi kama mgombea. Ila pale Kapteni anapokutwa amekufa, Dijei alizima maikrofoni. Hakusema kitu. Wale watu wote walikaa kimya, unasikia jenereta tu. Ile sehemu hosteli tuliipita tunapiga kelele. Hata sikukumbuka kama ipo.

Filamu ilipoisha na taa kuwashwa, mzee mmoja fundi baiskeli akaniuliza swali ambalo chuoni hakuna aliyeniuliza: "Hizo bunduki kazitengeneza nani?" Nikamweleza habari ya vyuma chakavu. Akatikisa kichwa taratibu. "Ana mikono huyo," akasema, akaondoka.

Usiku wa pili tukaweka Bad Black, wa tatu Crazy World. Asubuhi ya nne ubishi ukalipuka wenyewe barazani kwa mjomba, bila mtu kuweka sheria yoyote.

Mjomba aliipa Kapteni Alex namba moja. Hoja yake ilikuwa ya mfanyabiashara, lakini sidhani kama kuna mhadhiri angeipangua kirahisi. Ile filamu inauliza swali kwenye jina lake na haijibu. Richard, mkuu wa Tiger Mafia, alimtaka Kapteni, lakini vijana wake walipofika wakamkuta ameshauawa, na mpaka mwisho hatuambiwi ni nani. "Tangu juzi watu wanakuja dukani kubishana nani kamuua," mjomba akasema. "Na wakija kubishana wananunua soda. Filamu inayoisha ikiisha, hiyo ina faida gani?" Mwenyewe anaamini muuaji ni mmoja wa wanajeshi wenzake. Fundi baiskeli anasema ni mwanamke. Hawajapatana mpaka leo.

Watoto walipiga kura kwa Crazy World. Filamu hiyo ni ya 2014, mwaka uleule wa ile hoteli ya Wes Anderson, na mwaka 2019 ilioneshwa Toronto kwenye tamasha kubwa la filamu, katika zile za usiku wa manane. Tiger Mafia wanateka watoto ili wawatoe kafara, bila kujua kwamba watoto waliowateka ni mabingwa wa kung fu. Mimi nilikuwa nimeiweka ya mwisho kwa sababu ina vituko vichache. Lakini mama mmoja aliyekuwa anauza vitumbua pale barazani, na aliyeingia bandani usiku ule akiwa na mjukuu wake, akasema yeye hakuona vituko. Kwamba habari za watoto kutekwa tunazisikia redioni, na hakuna siku amesikia mtoto aliyerudi mwenyewe baada ya kumpiga mtekaji. "Ndiyo kwanza nimeona," akasema. "Muweke wa kwanza huyo." Nikabaki na orodha yangu mfukoni.

Dijei alingoja wote wamalize. Namba moja yake ilikuwa Bad Black, ya 2016, ile iliyoshinda tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Fantastic Fest kule Austin, Texas. Msichana anakulia mikononi mwa mkubwa anayewatumikisha watoto, anakuja kuwa kiongozi wa genge. Daktari Mmarekani anaibiwa vitu vyake vyote, pamoja na vidani vya kijeshi vya ukoo wao. Anayemfundisha huyo daktari ukomando ili akavidai ni mtoto mdogo wa mtaani anayeitwa Wesley Snipes. Hosteli tulicheka kwa sababu ya lile jina.

"Angalia lile somo," Dijei akasema. "Daktari kasoma mpaka vitabu vimeisha. Kafika Wakaliga, hajui hata kukimbia. Anatukanwa na mtoto, anapigwa, anabebeshwa vitu, na anakubali, kwa sababu pale mwalimu ni yule mtoto. Mimi sijawahi kuona muvi nyingine msomi anakaa chini namna ile." Akanigeukia. "Na wewe, mdogo wangu? Umeziweka vipi?"

Nikataja orodha yangu. Ningeweza kubadilisha sababu, lakini nilishazoea kuisema. Nikasema nimezipanga kwa vichekesho, kwa zile sehemu ambazo, yaani, mambo yamefanyika vibaya mpaka yanapendeza.

Baraza likatulia. Mama wa vitumbua akaangalia karai lake.

"Kwa hiyo ya kwanza kwako ni ile mbovu kuliko zote?"

"Siyo hivyo, kaka."

"Ndivyo ulivyosema." Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Haya. Na banda letu hili je? Huko chuoni ukiwasimulia wenzio mimi ninavyotafsiri, wanacheka sehemu gani?"

Hakuwa anajua chochote kuhusu ile Ijumaa. Aliuliza tu, kama mtu wa kazi anavyouliza kazi yake imepokewa vipi mbali. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nadhani jibu alilisoma kwenye ule ukimya, maana aliinuka, akachukua daftari lake, akaniambia, "Filamu ya dola mia mbili ni shilingi ngapi?"

Nikapiga hesabu. "Kama laki tano hivi."

"Bumu lako likiingia ni shilingi ngapi?"

Wasomaji wenzangu wa mkopo, nyie hesabu mnaijua. Elfu kumi kwa siku, zidisha siku sitini. Nikamwambia laki sita. Akasema "ahaa", akafungua daftari na kunionesha kurasa kama arobaini za mwandiko wa kubana. Jina la juu: Komando wa Korosho. Ni habari ya kijana anayegundua kwamba mzani wa kijiji umechezewa, kila gunia linapungua kilo, na anayeshuku ni watu wanaojua karate. Aliianza miaka mitatu iliyopita. Hakuniomba hela. Mpaka leo hajaniomba hela. Aliniuliza hesabu mbili, nikazijibu mwenyewe.

Sikulala vizuri. Nilijiona nimekaa kwenye hosteli nikimsifu mtu wa Kampala kwa kutengeneza filamu bila hela, wakati mtu mwenye daftari namfahamu tangu ananibeba mabegani, na mchango wangu kwake ulikuwa kumwigiza anavyokohoa.

Kesho yake nikamwambia tuna simu yangu, ina kamera nzuri kiasi, na nimebakiza siku nane. Tukachagua onesho moja la daftari: komando anawakuta walinzi wa ghala chini ya mikorosho. Fundi baiskeli akatengeneza bunduki mbili kwa bomba la baiskeli na kipande cha jembe. Rangi tulichemsha ubuyu. Mimi nilipewa nafasi ya mlinzi wa tatu anayekufa.

Nilidhani kufa ni rahisi. Mara ya kwanza nilianguka kama mtu anayeogopa kuchafua suruali. Mara ya pili nilijishika na mkono. Mtoto wa darasa la sita, aliyekuwa ameokota korosho pembeni, akaja akanisimamisha mbele ya watu wote. "Kaka, usiangalie chini. Ukiangalia chini, mwili unajua." Akaniambia nilegeze goti kwanza, halafu bega, kichwa kiende cha mwisho. Akaanguka yeye kunionesha, pu, kama gunia. Nikaanguka mara sita. Kijiji kizima kilinicheka, na kaka akiwa na simu mkononi akapaza sauti, "Mnaona? Daktari anajifunza!"

Kipande kilichotoka ni dakika mbili na sekunde kumi. Dijei akaingiza sauti yake juu, peke yake bandani, usiku. Pale ninapokufa mimi, alinyamaza.

Chuo kilipofunguliwa nilikiweka kipande kile kwenye laptopu, Ijumaa, mbele ya mahakama ileile. Walicheka. Walicheka bunduki, walicheka ubuyu unaotiririka, walinicheka mimi. Nikawasimulia habari yote, pamoja na ile ya kumwigiza kaka. Mwenzangu wa chumba, ambaye si mjinga hata kidogo, akanipinga vizuri: "Lakini Nabwana anataka tucheke. VJ mwenyewe anaitania filamu kuanzia dakika ya kwanza. Usituletee dhambi isiyokuwepo." Na ana haki. Kicheko kimeshonwa ndani ya zile filamu kama pindo. Kule Kilimarondo nako walicheka, tena kwa sauti kuliko sisi.

Jibu langu, na bado nalijaribu, ni hili. VJ Emmie anaitania filamu akiwa ndani yake. Anamtania komando kama unavyomtania binamu yako harusini, na komando akifa anajua ni wa nyumbani. Sisi tulimcheka tukiwa tumekaa nje, tumefunga dirisha. Dalili yake ni kwamba hatukuwa na swali hata moja. Kwa Wes Anderson tulibishana nusu saa kwa nini kaweka mtu katikati ya picha. Kwa Nabwana hatukuuliza kwa nini lolote, kama vile mambo yalimtokea tu kwa bahati mbaya. Lakini mtu anayekata picha kwa kasi ile na kumfanya mtoto awe mwalimu wa daktari anachagua. Kuifunga filamu bila kumtaja muuaji ni uchaguzi pia. Ukikubali kwamba anachagua, orodha yako inabidi ianze upya.

Yangu nimeianza upya. Bad Black ya kwanza, kwa sababu nimeanguka mara sita chini ya mkorosho na najua lile somo linauma wapi. Crazy World ya pili. Nilimkosea yule mama na mjukuu wake, na nilikosea filamu. Kapteni Alex ya tatu, ingawa mjomba akisoma hapa atanipigia simu, na hoja yake ya swali lisilojibiwa sijaipata dawa. Nabwana anatajwa kuwa na filamu zaidi ya arobaini, kwa hiyo nikizipata nyingine huenda yote haya yakapinduka. Jamaa wa sheria tayari amekata rufaa.

Bumu la kwanza liliingia. Nilituma laki moja na nusu, nikaandika ni ya kununulia memori kadi na kigoda cha kamera. Siyo laki tano, na sijui kama ni filamu au ni fidia. Dijei aliipokea, akaandika "shukrani mdogo wangu", hakuongeza neno.

Wiki iliyopita ndiyo akatuma ujumbe mwingine. Onesho la pili limeshapigwa, mlinzi wa tatu nafasi yake amepewa yule mtoto wa darasa la sita kwa sababu anakufa vizuri zaidi. Halafu akauliza: "Ile dakika mbili wenzio wameiweka ya ngapi?"

Nimewapelekea mahakama swali hilo. Wanabishana. Bado sijamjibu.